Nyumba ya Kwanza, Mfuko Mmoja

Siku niliyokabidhiwa funguo za nyumba yangu ya Kivule nilikuwa na shilingi 140,000 kwenye simu, na mshahara ulikuwa bado siku 19. Wiki ya pili shimo la choo likajaa. Gari la majitaka likataka 90,000. Nikalipa, nikala ugali na dagaa mpaka mwisho wa mwezi, na dagaa wenyewe niliwakopa dukani kwa Mangi ambaye hata jina langu alikuwa halijui bado.

Bei ya nyumba niliipigania vizuri tu. Nilipokosea ni kudhani kwamba bei ndiyo gharama. Mume na mke wakikosea hapo, mmoja atalipa nyumba na mwingine atanunua unga. Wewe unayenunua peke yako huna mfuko wa pili, kwa hiyo usichukue bajeti ya watu wawili ukaigawa nusu. Yako ianze na akiba ya dharura, zifuate gharama za pembeni, na kiasi kitakachobaki ndicho kikuambie unatafuta nyumba ya bei gani. Wengi tunaanza na nyumba, kisha tunaitafutia fedha, na akiba inakuwa ndoto ya mwakani.

Nitatumia mfano wa nyumba ya milioni 80 pembezoni mwa Dar es Salaam, ya vyumba vitatu, yenye hati, ambayo unatoa milioni 20 zako na benki inakukopesha 60. Badilisha tarakimu kulingana na kipato chako na mji wako. Walioko Zanzibar wakumbuke kwamba sheria za ardhi za kule ni nyingine, ila hesabu za mwezi hazina tofauti.

Ujaribu mwezi kabla ya kuijaribu nyumba

Mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio, kwa miaka 15, utakudai takriban 840,000 kila mwezi. Shika namba moja tu kichwani: kwa masharti hayo, kila milioni unayokopa ni kama 14,000 kwa mwezi. Ukisimama mbele ya nyumba na dalali anakuimbia, unaweza kupiga hesabu bila kalamu.

Sasa tazama miaka inavyofanya kazi. Mkopo huohuo ukiurefusha hadi miaka 20, rejesho linashuka hadi kama 790,000. Umepata nafuu ya 50,000 kwa mwezi, lakini jumla utakayolipa inapanda kutoka milioni 151 hadi karibu milioni 190. Ukiufupisha uwe wa miaka 10, unalipa 968,000 kwa mwezi na jumla inakuwa milioni 116. Mtu mwenye mwenza anayefanya kazi ningemsukuma achukue ile ya 10. Wewe wa mfuko mmoja ningekupa 15, kwa sharti kwamba umemuuliza ofisa wa mikopo maswali mawili na amekujibu kwa maandishi: nikipata fedha nikalipa kabla ya muda, mnanitoza nini? Na riba hii mnaweza kuipandisha katikati ya safari?

Kuna swali la tatu ambalo watu huona aibu kuliuliza. Riba inahesabiwa kwenye salio, au kwenye deni lote la mwanzo hadi mwisho? Ukiambiwa asilimia 10 ukafurahi, kumbe ni ya deni lote la mwanzo, basi kwa milioni 60 na miaka 15 utalipa riba ya milioni 90, jumla milioni 150. Ni kama ileile ya asilimia 15 kwenye salio, imevaa nguo nyingine.

Watumishi wa umma wanaijua kanuni ya theluthi: makato yasile mshahara hadi ikabaki chini ya theluthi moja. Huo ni ukuta wa mwisho, na mtu anayeishi peke yake asijenge kibanda chake pale ukutani. Mimi naweka kinyume chake: rejesho la nyumba lisizidi theluthi moja ya fedha inayoingia mkononi. Rejesho la 840,000 linahitaji mtu anayepokea kama 2,520,000 baada ya makato. Kama unapokea 1,600,000, theluthi yako ni 533,000, na kwa ile kanuni ya 14,000 deni lako lisivuke milioni 38. Ofisa wa benki anaweza kukukubalia zaidi ya hapo. Hatakuwepo siku ya dagaa.

Ukishapata rejesho lako, liishi kabla hujakopa. Tuseme kodi unayolipa sasa ni 250,000 kwa mwezi na rejesho litakuwa 840,000. Tofauti ni 590,000. Mshahara ukiingia tu, iondoe uipeleke kwenye akaunti isiyo na kadi wala programu ya simu. Fanya hivyo miezi sita. Ukiigusa mwezi wa tatu, jibu umelipata bure. Usipoigusa, una 3,540,000 mkononi na una uhakika ambao benki haiwezi kukuuzia.

Katika miezi hiyo sita usisahau mistari ambayo hatuiandiki: nauli mpya, kwa sababu nyumba unayoimudu mara nyingi iko mbali kuliko chumba unachopanga, na ndugu. Ukinunua nyumba ukiwa peke yako, ukoo mzima unaona una vyumba viwili vitupu. Mdogo wako atakuja kusoma, shangazi atakuja kutibiwa Muhimbili na atakaa wiki tatu. Sikatai, ndio utu wetu. Ninachosema ni kwamba mstari wa ndugu uandikwe kwenye bajeti kama unavyoandikwa umeme.

Mambo yanayoifuata bei

Chukua ile nyumba ya milioni 80. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1 ya thamani, yaani 800,000. Ada za uhamisho na usajili wa hati, tenga 1,200,000. Mwanasheria 1,500,000, na mpatane kabla hajafungua faili. Mthamini, ambaye benki itakuchagulia na wewe utamlipa, 500,000. Ada ya benki kushughulikia mkopo, tuseme asilimia moja na nusu, ni 900,000. Bima ya nyumba na bima ya maisha ya mkopaji kwa mwaka wa kwanza, 600,000. Mpima wa kuja kuthibitisha mawe ya mpaka, 400,000. Hapo tumefika 5,900,000. Ongeza 4,000,000 za matengenezo ambayo hujayaona bado, na 600,000 za gari la kuhamia, vitasa vipya na mambo ya maji na umeme. Jumla ni milioni 10 na nusu. Ukiacha ushuru, hizo ni tarakimu zangu za kutenga. Za kwako zitapanda au kushuka kulingana na eneo na benki, lakini hazitakuwa sifuri.

Juu yake weka akiba ya miezi sita ya rejesho, 5,040,000. Kwa hiyo anayesema "nina milioni 20 ya kuanzia" anahitaji kuwa na milioni 35 na nusu kabla ya kusaini.

Usikate tamaa, geuza hesabu. Tuseme una milioni 25 tu. Ukitoa milioni 3 na nusu za akiba na milioni 7 za gharama za pembeni, inabaki milioni 14 na nusu hivi ya kutanguliza. Ikiwa hiyo ni robo ya bei, unatafuta nyumba ya milioni 56 hadi 58, deni la milioni 42, rejesho la 588,000. Nyumba hiyo ya milioni 80 iliyokukaa moyoni waachie wenzako.

Kiasi cha kutanguliza kisitoke SACCOS. Najua SACCOS inakopesha haraka na riba yake ina huruma, lakini mkopo wa kutanguliza ukiungana na mkopo wa nyumba, ni makato mawili kwenye mshahara mmoja. Mchezo wa upatu pia, upokee na kuumaliza kabla ya kununua. Kumlipa kijumbe 200,000 kila mwezi wakati unalipa benki ni kujitafutia presha.

Kodi ya mtu mwingine isikurukie. Mtu anapouza nyumba, kodi ya faida inayotokana na mauzo ni yake muuzaji: asilimia 10 ya faida, au kwa mtu binafsi asiye na kumbukumbu za gharama zake, asilimia 3 ya thamani. Bila uthibitisho wa TRA kwamba imelipwa, uhamisho wa hati hauendi. Hapo ndipo muuzaji mjanja anaposema, "Bei ni milioni 80, mambo ya TRA utamalizana nayo mwenyewe." Asilimia 3 ya milioni 80 ni 2,400,000. Mimi niliambiwa hivyo, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kutafuta, nikakubali. Usikubali. Au ukikubali, iondoe kwenye bei na iandikwe kwenye mkataba wa mauziano.

Dalali naye apewe lugha yake mapema. Wapo wanaotaka asilimia 5, wapo wanaotaka 10, wapo wanaochukua kwa muuzaji na kwako pia. Hela ya kwenda kuonyeshwa nyumba, wanayoiita ya usumbufu, ihesabu pia. Ukiona nyumba kumi na tano, usumbufu umekuwa kodi ya mwezi mzima. Na ofisi ya serikali ya mtaa ikitaka asilimia fulani ya bei kwa kugonga mhuri, uliza kwa upole inalipwa kwa namba ipi ya malipo ya serikali na risiti yake iko wapi. Ukiuliza hivyo, mara nyingi asilimia hupungua yenyewe.

Pagale

Wengi wetu nchini hatuingii nyumba ya kwanza kwa mkopo wa benki. Tunanunua kiwanja, tunaweka msingi, tunanyanyua boma, tunapaua, tunahamia kabla ya plasta. Au tunanunua pagale la mtu aliyechoka katikati ya safari hiyo. Benki haitakupa mkopo wa nyumba kwa kitu kisicho na hati, kwa hiyo hapa ni fedha taslimu, na fedha taslimu ina hatari yake: hakuna mthamini wala ofisa wa mkopo wa kukuuliza maswali. Utajiuliza mwenyewe.

Bei ya pagale inalaghai. Unaliona la milioni 25, kuta zimesimama, unasema lililobaki ni dogo. Lililobaki ni bati na mbao, milango, madirisha na grili, plasta, dari, nyaya, mabomba, shimo la choo, sakafu, na ufundi wa yote hayo, na linaweza kula kiasi kilekile ulichonunulia, tena taratibu, wakati bado unalipa kodi ya miezi sita kwa mwenye nyumba wako wa zamani. Nenda na fundi wako, asiye ndugu wa dalali. Mlipe siku yake. Mwambie aandike orodha ya vifaa kwa idadi, upeleke duka la vifaa vya ujenzi uwekewe bei kabla hujampa muuzaji jibu. Ukishapata jumla, ongeza sehemu ya tano, maana kila fundi husahau kitu.

Nenda siku ya mvua

Nyumba ya pili niliyoonyeshwa ilikuwa nzuri kuliko zote, na kilichonishitua kilikuwa rangi. Kuta zote za nje zilikuwa krimu iliyopauka, isipokuwa mkanda wa chini, kimo cha kiuno, uliopakwa upya kuizunguka nyumba nzima. Dalali alisema mwenye nyumba anapenda usafi. Nikaenda kununua vitumbua kwa mama mmoja ng'ambo ya njia, nikamuuliza kuna maji eneo hili? Akacheka. "Mwanangu, hapa masika tunavua viatu Machi, tunavaa Juni."

Nawe rudi eneo unalolitaka mvua inaponyesha, hata kama umeshalipenda. Angalia maji yanakotoka na yanakokwenda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haitaki shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe, na waliojenga Bonde la Msimbazi wanajua habari hiyo inavyoishia. Barabara vilevile: mwaka 2017 nyumba za Kimara hadi Kiluvya, nyingine za ghorofa, zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Tafuta alama ya X ukutani, na usipoiona, bado muulize mpima hifadhi ya barabara inaishia wapi.

Hati yenyewe usiiamini kwa kuitazama. Chukua namba yake, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, uone jina lililosajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna zuio. Angalia pia miaka iliyobaki. Hati zetu ni za muda, 33, 66 au 99. Leseni ya makazi ni karatasi ya muda mfupi zaidi na haifai kuuzwa kwako kwa bei ya hati. Kodi ya pango la ardhi ikiwa na malimbikizo, yalipwe na muuzaji kabla ya kusaini.

Kisha tazama watu. Kama muuzaji ana mke au mume na hiyo ndiyo nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iwe kwenye karatasi, na umwone aliyeitoa uso kwa uso. Kama ni nyumba ya marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, hata kama watoto wote sita wamekubaliana mbele yako sebuleni.

Jaribio dogo ninalolipenda: mwombe muuzaji anunue umeme mbele yako, hata wa 5,000. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mita isiyonunuliwa umeme kwa muda mrefu inalimbikiza. Risiti itakuonyesha kilichokatwa. Bili ya maji nayo uione ya mwezi huu, siyo ya mwaka jana.

Kwa akina dada: mtaulizwa mume yuko wapi, na mara nyingine mwenye nyumba atataka "kuongea na mwanaume". Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Mimi nilikuwa nakwenda na binamu yangu, anasimama pembeni na kunyamaza, kazi yake ikiwa kushuhudia na kuhesabu. Na hakuna fedha iliyopita mkononi. Yote ilipita benki, kutoka akaunti yangu hadi akaunti yenye jina lililo kwenye hati.

Baada ya funguo

Mwaka wa kwanza usinunue makochi. Badilisha vitasa siku ya kwanza, ita gari linyonye shimo la choo kabla shimo halijakulazimisha, tengeneza paa, kisha maji: tenki la lita 1,000 lina faida kuliko fensi. Vigae vitasubiri. Chumba cha nje ukikipangisha, fedha yake ipeleke kwenye akiba na usiihesabu kwenye rejesho, kwa sababu mpangaji atahama mwezi uleule gari litakapoharibika.

Bima ya maisha ya mkopo isome, hasa sehemu ya kupoteza kazi na ulemavu, kwani mara nyingi inalipa ukifa tu. Na andika wosia. Anayeishi peke yake akiondoka bila wosia, ndugu wanagawana kwa kubishana, na yule aliyekuchangia milioni 2 ya kutanguliza anaweza asipate kitu.

Kama tayari kuna nyumba unayoiwazia, wiki hii nakili namba ya hati uipeleke kwa Msajili, na umtafute fundi wako. Dalali atakupigia simu usiku kusema kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Mwache aje.